Zulmira na Ng'ombe Asiyeona Jioni

Zulmira alipika samli tangu ujana wake, na kule kwenye nyika kame ya Seridó samli yake ilijulikana kwa rangi: manjano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Mumewe Anselmo alipofariki alimwachia nyumba, zizi na ng'ombe wawili.

Ukame ulipoingia mwaka wa pili, ng'ombe wakabaki na mabua makavu. Samli ikaanza kupauka, hata siku moja ikatoka nyeupe kabisa.

"Mama Zulmira, siku hizi unatuuzia mafuta ya nguruwe?" mteja mmoja akamtania sokoni.

Akacheka, lakini moyoni alikuwa na lake. Ng'ombe mmoja alikuwa amezaa ndama kipofu, aliyekuwa akitafuta chuchu hewani mpaka akafa, na mama yake hakukawia kumfuata. Sasa aliyebaki, Faceira, alikuwa na mimba kubwa, na jua likianza kuzama tu alijigonga kwenye nguzo za zizi lile lile alimokulia.

Majirani wakasema ni kijicho. Akaletwa bibi wa kuombea, akampunga ng'ombe kwa matawi. Faceira akazidi kujigonga.

Ndipo Zulmira alipomwita Iracema, daktari wa mifugo. Iracema akamtazama ng'ombe macho, akauliza anakula nini, akatikisa kichwa.

"Kijicho hakimo hapa, mama. Amepungukiwa vitamini A. Macho yake na ile rangi ya samli yako vyote vinatoka kwenye majani mabichi. Ndama naye anaingoja kwenye maziwa ya kwanza. Nitamchoma sindano, lakini nguvu ya sindano itaisha. Mtafutie kijani."

"Kijani gani, mwanangu, na mbingu zimefungwa?"

"Mijuazeiro haikauki. Miti ile hubaki na majani mabichi hata kwenye ukame."

Mijuazeiro yote ya karibu ilikuwa kwa Deoclécio, kaka wa marehemu, naye na Zulmira walikuwa hawasemezani tangu matanga, walipogombania mpaka wa shamba. Usiku ule hakupata usingizi. Asubuhi akajifunga kitambaa, akachukua panga, akaenda.

"Ee! Shemeji! Umepotea njia?" Deoclécio akamwambia kutoka kibarazani.

"Sikuja kugombana. Faceira haoni. Nakuomba majani."

"Faceira yule ambaye Anselmo alimlea kwa chupa?"

"Huyo huyo."

Mzee akaitazama miti yake kitambo. "Sasa mbona unasimama juani kama mdai? Ingia unywe kahawa. Na panga liache, miti ile ina miiba. Nitakata mwenyewe."

Kuanzia hapo alileta mkokoteni wa majani kila asubuhi, akinung'unika mgongo unamuuma, wala hakukosa. Haukupita muda mrefu, jioni moja Faceira akaingia zizini moja kwa moja bila kugusa nguzo. Zulmira akashusha pumzi, lakini nusu tu. Ndama alikuwa bado.

Faceira alizaa asubuhi, ndama jike mwekundu. Zulmira na shemeji yake wakainama juu yake. Mwishowe Deoclécio akavua kofia, akaipunga mbele ya uso wa ndama. Ndama akaruka nyuma, akaanguka, akainuka.

"Anaona!" mzee akapiga kelele. "Shemeji, anaona hata ubaya wa sura yangu!"

Zulmira akaketi chini kwenye samadi, akacheka huku machozi yakimtiririka. Ndama akaenda moja kwa moja kwenye kiwele, akanyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza, mazito ya manjano.

Mvua zilikuja baadaye sana, zikamkuta ndama ameshaanza kuota pembe.