Herufi za Kijivu Zilizompa Mpwa Wangu Jina

Naona haya kulisema, lakini kwa kuwa Newala nzima mnalisema bila mimi, bora mlisikie kwa mwenyewe. Siku wali wanatoka jandoni pale Mnyambe (wali ndio vijana wenyewe, kwa msiojua), mbele ya umati wote, kupitia spika zangu nilizozinunua kwa korosho zangu, mpwa wangu wa pekee wa kiume, mtoto wa dada yangu Somoe, alipewa jina la Namalenga. Namalenga yule yule mwenye boza la maji, aliyekuwa akituletea maji nyumbani mpaka siku moja akaondoka na mke wangu. Na kijana, kavaa miwani ya jua na shati jipya, akaenda mpaka kwenye kiti cha Namalenga, akainama, akasema, "Shikamoo, somo."

Namalenga akavua saa yake mkononi, akamvisha. "Marahaba, somo yangu."

Mimi hapo nimeshika waya.

Asiyejua atasema ni jina tu. Kwetu kijana akitoka jandoni jina la utotoni analiacha hukohuko, anatoka na jina jipya, mara nyingi la mjomba wake, na akishaliitikia mbele za watu ndilo hilo mpaka kaburini. Mimi naitwa Likwena. Mjomba wangu aliitwa Likwena, na mjomba wake naye. Tulizaliwa wengi, nimewazika wote, tumebaki mimi na Somoe. Mke nimeshasema alikokwenda, mtoto sina. Kwa hiyo jina la Likwena lilikuwa na kijana mmoja tu wa kulichukua duniani, na ndiye huyo.

Sasa mkosaji wa kwanza namtaja: Fatu, binti wa huyo huyo Somoe, anayesomea kompyuta Masasi. Alikuja likizo akanikuta naita majina kwa kipaza sauti mpaka sauti imekauka, akaniambia, "Mjomba, laptopu inaweza kuita yenyewe." Akaitengeneza programu. Inataja jina la mama, inataja jina jipya la kijana, halafu inapiga wimbo alioupenda mwenyewe. Siku aliyonionyesha nilicheza peke yangu uani mpaka majirani wakachungulia. Kazi yangu ilikuwa kuongeza mstari mmoja kwa kila kijana kwenye ule ukurasa mweusi wa kuandikia programu, na mikato yake na alama zake za kufunga na kufungua, ambazo mimi wa darasa la nne nilikuwa nazisahau kila mara na programu inagoma. Basi Fatu akaniwekea plagini ya akili mnemba. Unaandika mwanzo wa mstari, yenyewe inakisia uliobaki kwa herufi za kijivu, ukikubali unabonyeza Tab na kijivu kinakuwa maandishi kamili. Maneno yake nayakumbuka yalivyo: "Ukiona kijivu, mjomba, wewe bonyeza Tab."

Jamani, nisiwafiche, ile plagini niliipenda. Naandika "Mwana wa", yenyewe imeshajua nataka nini, mikato imeiweka, wimbo imeupanga, nikawa najiona nimekaa na karani msomi asiyenidharau. Niliwaita watu waje waone (nikijidai kwamba nimeielewa).

Kwa desturi wazee wa jando hawatoi majina mpaka asubuhi ya kutoka. Kwa hiyo asubuhi hiyo nilikuwa nyuma ya spika, bando limewashwa kwenye simu, naandika mbio. Na mwaka huu, kwa shida ya maji tuliyoipata, vijana wanne waliofuatana walikuwa wamepewa jina la Namalenga, maana mwenye boza huku kwetu kila mtu anataka undugu naye. Nikaandika Namalenga kwa vidole vyangu, Namalenga, tena Namalenga, nikamaliza wa nne nikashusha pumzi, nikafika kwa wangu, aliyepangiwa Likwena. Nikaandika "Mwana wa Somoe". Kijivu kikatokea. Wakati huohuo ngoma zikasikika zinakaribia, watu wanapiga kelele wali wanakuja, jenereta nalo linakohoa, nikabonyeza Tab. Walibaki wawili nyuma yake, nao Tab, Tab. Sikusoma. Ningewazaje kwamba kitu kinachojua mikato yote ile hakimjui Likwena, na laptopu ni ya Likwena?

Tukaanza, na raha yake sijawahi kuiona. Mashine inataja jina, kijana anaitika, wimbo wake unalia, wanawake wanapiga vigelegele, watu wananyoosha simu wapige picha spika. Mjomba wa kijana anatakiwa asimame kando yake, ili kama kuna kosa alikatae palepale kabla kijana hajaitika. Mimi sikwenda kusimama. Nilibaki na laptopu yangu, sikutaka mtu mwingine aiguse.

"Mwana wa Somoe. Jina lake sasa, Namalenga."

Kijana akaitika, "Naam." Kigelegele cha kwanza kikatoka kwa Somoe mwenyewe.

Nikarukia kipaza sauti, kumbe nilikichomoa ili nipate tundu la laptopu. Nikapaza sauti ya mdomo, wimbo unaifunika. Nikabonyeza kila kitufe, mashine haisikii, ikaendelea na kijana aliyefuata, naye Namalenga. Mjomba wake akaruka akakataa kabla mtoto hajafungua mdomo. Alipofika wa mwisho watu walishajua, wakaitaja pamoja na mashine, "Namalenga," umati mzima, bibi mmoja akalala chali kwa kucheka, mwingine akaniuliza kama siku hizi natangaza maji.

Wale wawili walirekebishiwa. Kwa ajili ya wangu nikawaendea wazee. Wakaniambia, "Likwena, mjomba ni wewe na mashine ni yako. Kijana ameitika, na saa kapokea. Sisi tumwambie nini?" Mwenyewe kijana akaniangalia, miwani kaiweka kichwani. "Nilidhani mmepatana, mjomba. Nikafurahi." Na Somoe naye hivyohivyo, eti aliona nimesamehe.

Nilimpigia Fatu. Akacheka kwanza, halafu akanieleza kwamba ile plagini inafuata yaliyotangulia, imeona Namalenga mara nne ikakisia wa tano. Akasema aliniambia nisome kwanza. Hakuniambia.

Plagini nimeiondoa, na laptopu sasa inapiga nyimbo tu. Majina naita kwa mdomo wangu hata sauti ikikauka, na Tab sitaigusa tena maisha yangu. Lakini yangu mimi hayajaisha. Namalenga alijua fika lile ni kosa, akavua saa makusudi. Waliotengeneza kitu cha kukisia jina la mtoto wa watu sijui hata wanakaa wapi. Basi Fatu ninayemjua atoke Masasi, akae mkekani mbele ya mama yake, na Namalenga aitwe, wanijibu mimi niliyebaki: nikishazikwa, nani ataitwa Likwena?