Vitamini Nilizompa Mama

Mama alikuja Texas kunisaidia kulea mtoto, akaja na magoti yake mabovu. Nyumba yetu hapa Carrollton ina ngazi, na akizipanda utamsikia akimwita Mungu kwenye kila kidato. Dawa za maumivu zilikuwa zinamchoma tumbo. Mimi ni muuguzi. Kumtazama mtu akiumia huku nimekunja mikono kumenishinda tangu zamani.

Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenielekeza kwenye duka la bidhaa za hempu, mmea ambao ni ndugu wa bangi. Wakati huo Texas nzima ilikuwa ikibishana juu ya maduka hayo. Wengine walitaka yafungwe yote, wengine wakasema yaachwe ila yawekewe masharti. Mlangoni palibandikwa tangazo kwamba asiyefika miaka ishirini na moja hauziwi kitu. Muuzaji alikagua leseni yangu ya kuendesha gari, kisha akanitolea pakiti ya peremende laini za rangi ya chungwa.

"Usiwe na wasiwasi," aliniambia. "Ziko ndani ya sheria."

Neno hilo lilinituliza kuliko lilivyostahili.

Nyumbani nilizimimina kwenye chupa ya vitamini iliyokuwa imekwisha. "Mama, hizi ni za viungo. Kula moja jioni." Ningemwambia ukweli angekataa, na ndiyo sababu sikumwambia. Kazini simpi mgonjwa hata panadol kabla sijamweleza ni kitu gani. Mama yangu mzazi sikumweleza.

Alianza kulala vizuri. Haukupita muda akawa anashuka ngazi akiimba. Jumapili moja alisimama kanisani, kule Garland, akashuhudia kwamba Bwana amemponya magoti. Watu wakapiga vigelegele. Mimi niliinama nikajifanya namfunga mtoto viatu.

Nilichosahau ni ukarimu wake. Kanisani kulikuwa na mama mmoja Mkongomani, aliyeishi kwenye kambi ya wakimbizi miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani, ambaye sasa alikuwa akiendesha forklifti, gari la kunyanyulia mizigo, kwenye ghala. Kazi hiyo alikuwa ameisomea na akijivunia. Mgongo ulikuwa ukimsumbua, basi Mama, bila kuniambia, akamgawia zile vitamini.

Tulimkuta kwenye maegesho ya kanisa, macho yamemvimba.

"Kazi yangu imeisha," alisema. "Balipima mukojo, banasema iko na bangi. Miye? Hata sigara sijavuta!"

Mama akamshika mkono. "Huyo ni shetani, mama. Tutaomba."

"Hata dawa sinywake. Ni zile vitamini zako tu."

Niliwafungulia mlango wa gari, tukaingia sote watatu, nikawaambia kila kitu: duka, peremende, chupa. Nilipomaliza, Mama aliuliza polepole, "Ulinipa bangi?"

"Si bangi hasa, Mama. Sheria inaruhusu kiasi fulani cha—"

"Sikukuuliza sheria."

Yule mama alinitazama kupitia kioo cha dereva. "Na weye ni munganga," alisema. Ndivyo kwao wanavyomwita mtu wa hospitali. Hakupandisha sauti, na heri angepandisha.

Kesho yake nilimpeleka mwenyewe ghalani, nikiwa na ile pakiti mkononi. Meneja alitupokea kwa adabu, akasoma maandishi yote. Akasema ndiyo, dukani ni halali, lakini kampuni ina kanuni zake kwa wanaoendesha mitambo, na kipimo hakiwezi kujua nani alikula kwa kujua na nani alidanganywa. Nilimweleza kwamba kosa ni langu. Alisema anaamini, na pole sana. Tulitoka kama tulivyoingia.

Jumapili iliyofuata Mama aliomba tena nafasi ya kusema. Alisimama akishikilia kiti cha mbele, akasema ushuhuda wake haukuwa wa kweli, kwamba alikula kitu asichokijua na kumgawia mwenzake, na mwenzake amepoteza kazi. "Nimekosa," alisema, "naomba mnisamehe." Jina langu hakulitaja. Minong'ono ilianza viti vya nyuma. Nilijua kwamba huo ndio wakati wangu wa kusimama. Nilibaki nimekaa, mtoto mapajani, mpaka mchungaji akaanza kuomba.

Garini nilimuuliza kwa nini amejibebesha lawama peke yake.

"Wewe una kazi ya kulinda na mtoto wa kulisha," alisema. "Mimi nitarudi nyumbani, watanisahau." Akafunga mkanda. "Lakini usinipe tena kitu cha kumeza kabla hujanisomea."

Alirudi Kenya mvua za huko zilipoanza. Yule mama nilimtafutia kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nikamdhamini kwa maneno yangu. Anawanyanyua wazee, anawaosha, anawageuza kitandani, na mgongo wake sasa ni mbaya kuliko ulivyokuwa ghalani. Siku moja nilimkuta ameegemea ukuta wa kanisa, mkono kiunoni. Nilimwambia tafadhali amwone daktari. Alisema ataenda. Kisha akaniuliza habari za Mama, kwa upole kabisa, nami nikajibu kwamba hajambo, bila kuweza kumtazama usoni.