Majina Niliyokaririshwa Jikoni

Juzi maji ya ziwa yalipoingia nyumba za Kibirizi, nilimwona mjukuu wangu Zawadi akitia vyeti kwenye mfuko wa nailoni. Nikaikumbuka alasiri moja ya utoto wangu, kwetu Kasingirima, ukingoni mwa ziwa hilohilo.

Watu walikuwa wakisema vita vya ng'ambo vitavuka ziwa. Mama yangu, Nyota, alichimba shimo jikoni, akaficha humo debe la dagaa wakavu. Jikoni kote kulinuka dagaa na udongo mbichi. Huku akifukia, alinihoji.

"Wewe nani?"

"Mwamini."

"Wa nani?"

"Wa Ramadhani bin Feruzi, na Nyota binti Asumani."

"Bibi yako mzaa mama?"

Nikasahau. Mama akabwaga jembe. "Mwamini! Rudia toka mwanzo!"

Kaka yangu Hamisi akacheka mlangoni. "Huyu ataachwa, wallahi."

Nami nikaamini. Nilidhani atakayekosea jina moja ataachwa ufukweni, wenzake wapande boti kukimbia vita. Nilirudia huku mkojo ukinichuruzika miguuni. Bibi yangu ni Mwajuma binti Saidi, sijamsahau tena.

Vita havikuvuka. Dagaa tuliwala wenyewe, wananuka udongo. Nilikuwa nimeshazaa ndipo Mama aliponisimulia habari za Siwema, mdogo wake, aliyepotea bandarini siku familia yao ilipokimbia kutoka ng'ambo. Waliomwona walisema kila alipoulizwa ni mtoto wa nani, alijibu tu, "Wa mama."