Mikono Isiyogusa Mbegu

Nilipokuwa mtoto, siku ya kusia ulezi ilikuwa siku yangu ya kukaa juu ya jiwe. Watoto wengine wa kijiji chetu cha Mpui walishinda shambani wakirukaruka nyuma ya mama zao. Mimi nilifunikwa gunia mabegani, nikamtazama bibi akirusha mbegu kwa mkono wa kulia huku midomo yake ikisali. Ukungu ukizidi alipotea kabisa, nikabaki nasikia sauti tu. Ukipungua alirudi. Hata leo nikimkumbuka ndivyo anavyonijia, mara yupo, mara hayupo.

Kosa langu lilikuwa meno. Niliota ya juu kwanza, na mtoto wa namna hiyo huitwa kigego. Akigusa mbegu mavuno yanaharibika, na nyumba inapata msiba. Zamani, nimesimuliwa, watoto kama mimi hawakulelewa. Ukoo wa baba ulipoanza kunong'ona, mama yangu alikuwa binti mdogo, akaogopa, akaenda kuanza maisha Tunduma. Bibi mzaa baba ndiye aliyenifunga mgongoni na kutangaza kwamba nitakaa kwake, na asiyetaka asije kula kwake.

Kwa hiyo aliyenikataza mbegu ndiye huyohuyo aliyeniokoa. Aliniogesha maji ya moto asubuhi za Juni, baridi ambayo hata mbwa hawatoki jikoni. Ukoko wa ugali ulikuwa wangu, na mtu mzima akiugusa alimkata jicho. Tukienda shambani alinivusha kijito mgongoni, na mimi nilikuwa mzito tayari. Alinishusha kwenye jiwe, akanifuta miguu kwa kitenge chake.

"Kaa hapa, Sikola. Usisogee."

"Na mimi nataka kusaidia, bibi."

"Ukikaa ndiyo unasaidia."

Nilikuwa na miaka minane pale ng'ombe wa majirani, watu waliohamia kutoka Usukuma, walipoingia kwenye mahindi yetu upande wa bondeni. Bibi na baba mdogo, ambaye tulikaa naye, wakakimbia kuwafukuza. Kikapu cha mbegu kilibaki juu ya tuta, moja ya yale matuta ya mviringo ambayo majani hufukiwa humo msimu mzima yaoze, kisha husambazwa ulezi ukasiwa juu yake. Nilishuka kwenye jiwe. Nikazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Ulezi ulikuwa wa baridi, unateleza kati ya vidole, na mwili wangu wote ulilegea kama wa mtu anayechukuliwa na usingizi. Nikachota konzi moja, nikairusha kama bibi anavyorusha. Nilikuwa na furaha sana.

Nilipogeuka, bibi alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliniburuta hadi kijitoni, akanisugua viganja kwa mchanga mpaka vikatoka damu. Nililia, naye alikuwa analia, lakini hakuacha kusugua.

Masuke yalipoanza kukomaa, mvua ya mawe ikapiga, ikaulaza ulezi wote chini. Ilipiga pia mashamba ambayo sikuwahi hata kuyaona kwa mbali, lakini hilo hakuna aliyelitaja. Jioni baba mdogo alisimama mlangoni, maji yanamchuruzika.

"Mama, huyu mtoto aligusa mbegu. Kesho arudi kwa mama yake."

"Hakugusa," bibi akasema.

"Siku ile ya ng'ombe alibaki peke yake."

"Nilikuwa namwona. Hakushuka kwenye jiwe. Unataka niape?"

Bibi hakukosa misa, na kijijini hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo. Baba mdogo akaondoka. Moyo wangu ukatulia, nikasogea nikaegemea goti lake. Yeye akaninong'oneza huku akitazama moto, "Umeona ulichotufanyia?" Kisha akakwangua sufuria, akaniwekea ukoko mkononi. "Kula."

Nikala. Kwa miaka mingi baada ya hapo nilijaribu kumchagua bibi wa kweli kati ya wale wawili, nikashindwa.

Siku hizi nafundisha sayansi sekondari, mjini Sumbawanga. Tukifika kwenye mvua ya mawe nachora wingu ubaoni, naeleza matone yanavyopandishwa juu yakaganda. Likizo moja nilikwenda kwa bibi na wingu langu hilo kichwani, nimejaa hasira ya kweli, nikamwambia, "Bibi, ulinitesa."

"Nilikulea," akasema.

Hakuna kati yetu aliyekuwa anasema uongo.

Alifariki mwaka juzi. Makaburini, jeneza lilipokwisha kushushwa, wajukuu tuliitwa mmoja mmoja tuweke udongo. Ukungu ulikuwa umetanda, watu wa upande wa pili wa kaburi walionekana kama vivuli. Zamu yangu ilipofika niliinama, nikachota, nikanyoosha mkono. Mkono ukakataa kufunguka.

"Weka, mama," baba mdogo akaniambia kwa upole. Amezeeka sasa, na sidhani kama anakumbuka lolote. "Muage bibi yako."

Nilitaka. Elimu yangu yote ilikuwa pale pamoja nami, na hakuna mtu aliyenikataza. Lakini nilimwona bibi ametulia kule chini, nikaogopa, nisije nikamharibia. Moyo ulinienda mbio kama wa mtu aliyeshika uhai wa mtu mwingine. Nafikiri hivyo ndivyo ulivyomwenda yeye mbio pale kijitoni, akinisugua na kulia. Kusugua kule sijamsamehe. Namkumbuka kila siku.

Nikarudi nyuma, nikawapisha wengine.