Kilemba cha Marehemu Mama

Ijumaa moja ya masika ya mwaka jana tulimzika mama hapa Ujiji, na aibu hii ilianzia palepale msibani. Mimi si mtu wa kulia kwa sauti. Niliingia chumbani kwake, nikakuta kilemba chake kwenye msumari, nikajifunga, nikajiapiza sikivui mpaka hitma ya arobaini (hakuna aliyeniomba).

Haukupita muda kichwa kikaanza kuuma, maumivu yakahamia nyuma ya macho kana kwamba mtu anayasukuma kutoka ndani. Mama mkubwa Zainabu, dada wa marehemu, akasema, "Kichwa kikiuma kinafungwa, mwanangu," akanikazia fundo. Yakazidi. Akakaza tena, safari hii kaniwekea goti mgongoni. Nikaanza kuona watu wana ukungu, nikaropoka mbele ya wanawake waliokuwa wanachambua mchele, "Jamani, naona nakuwa kipofu."

Bora ningenyamaza. Kesho yake ndugu wa kijiji cha Simbo, walioondoka baada ya mazishi, wakarudi wakilia kama kuna msiba wa pili, mmoja kaniletea fimbo, na mwenzangu wa soko la Kibirizi ninayeuza naye dagaa akaniuliza kwa upole kama meza yangu aichukue yeye. Tukaenda zahanati msafara mzima, nimeshikwa kulia na kushoto, na mtaa wote wa Rusimbi unatupa pole (nami naitikia!).

Daktari, kijana mgeni mkoani, akanimulika macho, akasema mtu akiumwa kichwa na macho sababu ni nyingi: pengine kipandauso, pengine mafua yaliyoziba ndani ya uso, presha ya jicho, jino bovu, au anahitaji miwani tu.

"Vua kilemba, mama, nikuangalie vizuri."

"Siwezi. Cha marehemu."

"Pima macho, mwanangu," mama mkubwa akadakia. "Kilemba hakina ugonjwa."

Daktari akajaribu kupenyeza kidole chini ya kilemba, kikagoma. "Nani kafunga hivi?" Mama mkubwa akatazama dari. Daktari akahangaika na fundo, likamshinda, akachukua mkasi.

Nilipouona huo mkasi sikumbuki niliachaje fimbo. Nilitoka mbio, nikapita katikati ya mabenchi, nikaruka beseni la mfanya usafi, nikakata kona ya mlango bila kugusa kitu, na mgonjwa mmoja akapiga kelele, "Kipofu wenu huyo anaruka beseni!" Foleni nzima ikacheka, hata ndugu zangu wa Simbo waliokuwa bado na machozi.

Mama mkubwa akanikamata nje barazani. "Nikatwe kichwa, si kilemba," nikamwambia. Akanitazama. "Mdogo wangu alikuwa anakivua kila akienda kulala. Wewe umejifanya nani?" Akanikalisha, akang'ang'ana na fundo kwa meno mpaka likaachia.

Maumivu yakaondoka hapohapo, na mimi nikalia, kwa sauti, mbele ya watu wote, kilio ambacho makaburini sikukitoa. Daktari akatoka na mkasi wake. "Macho yanaonaje?"

"Yanaona," nikasema, pua inavuja. Tangu hapo sijifungi kitu kichwani bila kuacha nafasi ya kidole, na nikiumwa sitangazi ugonjwa kabla ya daktari.

Mama mkubwa akatema nyuzi, akakikung'uta kilemba, akajifunga yeye, kwa kulegeza, tukarudi nyumbani.