Dakika tano za Ituri nilizimalizia kwenye salamu

Kosa la wengi wetu tunaotumwa ni kufikiri kwamba salamu hazigharimu kitu.

Leo asubuhi, hapa Bunia, kwenye mkutano wa taifa wa mama wa kanisa, kila jimbo lilipewa dakika tano. Mimi ndiye delege, mjumbe wa Ituri.

Ndani ya Biblia nilikuwa na barua ya mama waliokimbia vita vya makabila huko Djugu, wanaoishi kambini. Wanaomba jambo moja: mama wa makabila yote wawasindikize shambani wakavune maharagi. Wakienda peke yao, wenye silaha huwavizia, hawarudi wote.

Mnajua desturi yetu. Huanzi neno kabla ya kupitisha salamu za kila kanisa. Nikasalimu kwa niaba ya Mahagi. Nikasalimu kwa niaba ya Aveba. Nikaimbisha na wimbo, mfupi tu.

Kengele ikalia.

"Asante, mama, salamu zimefika," akasema mwenyekiti. Ukumbi ukapiga makofi. Makofi!

Saa sita Mama Dorcas, aliyeandika ile barua, akapiga simu.

"Mama, ulitusemea?"

"Niliwasalimia."

"Sasa siye tutakula salamu? Maharagi iko inapasuka mu shamba. Kesho tutaenda tu, hivi hivi."

Chakula kimenishinda. Nimemwomba mwenyekiti mara mbili. Anasema programu imejaa.

Weye delege ambaye jimbo lenu litasema leo mchana, picha ya barua iko hapa chini ya ujumbe huu. Isome kwanza mbele ya ukumbi, ndipo usalimu.