Jumapili ya Skafu ya Kijani

Tangu saa tano asubuhi Danguolė alikuwa akihesabu glasi za bia za mumewe. Afya ya Romas alishaacha kuihangaikia. Alihesabu kwa ajili ya Eimantas.

Eimantas ni mtoto wao wa pekee, kijana wa miaka ishirini na mmoja, mrefu hata akiingia jikoni kwao Kėdainiai anainama. Mwezi wa tano alisaini kuchezea timu ya mpira wa kikapu ya Vilnius, mahasimu wa Kaunas. Babake, aliyekua akishangilia kijani cha Kaunas, alisikia habari hiyo redioni akiwa anakarabati uzio. Akaweka nyundo chini, akaingia ndani, akalala na viatu. Tangu siku ile simu ya mtoto ikilia anamsukumia mkewe kama anayesukuma sahani chafu.

Leo Vilnius ilikuwa mgeni Kaunas, saa tisa mchana. Eimantas alimtumia mama yake tiketi mbili na ujumbe mfupi: "Mlete Baba, Mama. Ila akinizomea mbele ya watu, Kūčios siji."

Kūčios ni mkesha wa Krismasi, na zilibaki wiki mbili. Usiku huo nyumba nzima hukaa mezani, vyakula kumi na viwili bila nyama, na kile kimkate chembamba cha kanisani hupita mkono kwa mkono, kila mtu akimega kwa mwenzake. Aliye na kinyongo hukitoa kabla ya kumega. Danguolė alikuwa ameweka tegemeo lake lote hapo. Wakikaa meza moja na kimkate kikifika kwa Romas, atafanya nini? Atamega tu. Kwa hiyo ule ujumbe hakumwonyesha. Miaka ishirini na mitatu alifunga mitungi ya matango ya siki kiwandani, na alijua kitu kikiwa kimejaa mpaka shingoni hukitikisi.

Romas alikubali safari kwa sharti lake: kwanza viwanda vidogo vya bia vya mji mkongwe, ndipo mechi. Na alivaa skafu yake ya kijani.

"Hiyo ivue, Romas."

"Naenda Kaunas, mama, siendi mazishini."

"Mwanao anacheza upande wa pili."

"Ndiyo maana."

Basi liliwafikisha Kaunas kabla ya saa tano.

Kiwanda cha kwanza kilikuwa chini ya ardhi, matangi ya shaba nyuma ya kioo, joto la shayiri iliyochemka likipanda mpaka mezani. Romas aliagiza bia ya kienyeji isiyochujwa na mkate mweusi wa kukaanga na kitunguu saumu. Alipogonganisha glasi na mkewe, alitazama ukutani. Kwao watu wakigonganisha glasi hutazamana machoni. Asiyetazama ana lake. Danguolė aliacha glasi yake hewani.

"Nitazame."

"Nimekutazama miaka ishirini na saba. Hujabadilika."

"Wewe umebadilika. Umekuwa mzee wa kununa."

"Kunywa, mama, povu linaisha."

Hapo alikunywa mbili. Kiwanda cha pili kilijaa watu wa skafu za kijani, na ilibidi wakae meza moja na jamaa mmoja mnene, mwenye mashavu mekundu, aliyejitambulisha kuwa ni Gintautas, fundi wa lifti. Alikuwa mchangamfu, akawasogezea sahani ya masikio ya nguruwe yaliyokaushwa kwa moshi.

"Mmetoka wapi, ndugu zangu?"

"Kėdainiai," Romas akasema.

"Aa! Kwa yule msaliti!" Gintautas akapiga meza. "Yule mrefu, Eimantas nani sijui, mtoto wa huku kwetu aliyekimbilia Vilnius. Leo tutamtoboa masikio. Mnamfahamu?"

Danguolė alimtazama mumewe. Romas alifuta povu mdomoni taratibu.

"Namfahamu babake."

"Ni mtu wa namna gani?"

"Mpumbavu."

Meza nzima ikaangua kicheko, na Romas akacheka nao. Gintautas akamwagizia glasi ya nne. Danguolė alimshika mumewe mkono wa koti, akamtoa mpaka kwenye korido ya vyoo, na hapo, kwa hasira, akafanya lile alilojikataza wiki nzima. Akamwonyesha simu.

Romas aliusoma ujumbe mara mbili.

"Ananiwekea masharti?"

"Anakuomba."

"Hii si kuomba. Huyu nilimfungia pete ya kikapu nyuma ya ghala kwa mikono hii. Leo ananipangia ninyamaze wapi na nipige kelele wapi?"

"Romas, ni saa mbili tu za kufunga mdomo. Watu wanafunga mdomo kanisani."

"Kanisani hawanipi amri watoto wangu."

"Basi fanya kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako nimekuja," akasema, akarudi kwenye glasi yake. Danguolė alibaki na simu mkononi, akijua kwamba ule mtungi ameutikisa mwenyewe.

Ukumbini walikaa juu, katikati ya watu wa kijani. Robo ya kwanza na ya pili Eimantas alikaa benchi, taulo shingoni. Danguolė alimwomba Mungu abaki hapohapo. Lakini mwanzoni mwa robo ya tatu mchezaji mmoja wa Vilnius aliumia kifundo cha mguu, na kocha akamnyooshea kidole Eimantas.

Jina lake lilipotangazwa ukumbi ulinguruma. "Msaliti! Msaliti!" Mwanamke aliyekaa mbele yao, wa umri wa Danguolė, mwenye pochi nzuri magotini, alipiga kelele: "Aliyekuzaa aone haya!" Danguolė alikunja vidole vyake ndani ya glavu. Romas alikaa wima, mikono juu ya magoti, na kwa dakika sita nzima Danguolė alianza kuamini kwamba atavumilia.

Kisha Eimantas aligongwa akiwa anapanda kikapuni, na mwamuzi akampa mitupo miwili ya adhabu. Akasimama mstarini peke yake. Watu wote wakaanza kupiga mluzi wa kumzomea, kama ilivyo desturi pale, mluzi mmoja mkali wa kuchoma masikio. Alitupa wa kwanza, ukagonga chuma, ukatoka. Ukumbi ukalipuka kwa furaha.

Danguolė aliona mkono wa Romas ukiinuka kutoka gotini. Akaudaka kwa mikono yake miwili.

"Usifanye hivyo."

"Niachie."

"Romas, nakuomba. Usifanye hivyo."

Alijichomoa. Akaweka vidole viwili mdomoni, akapiga.

Ulikuwa ule mluzi wa kwao, mfupi halafu mrefu, unaopanda mwishoni. Ndio aliompigia mtoto kutoka mlango wa jikoni chakula kikiwa tayari, miaka yote ile, na mtoto akaja mbio kutoka nyuma ya ghala. Chini kule, mpira mkononi, Eimantas aligeuza kichwa. Aligeuka moja kwa moja kuelekea kwao, kama mtu aliyeitwa. Kisha akageukia kikapu, akatupa, ukaingia.

Vilnius walishindwa kwa pointi kumi na moja. Watu wa kijani walikumbatiana, na mwanamke wa pochi akamkumbatia Danguolė pia.

Kwenye mlango wa wachezaji Danguolė alikwenda peke yake. Eimantas alitoka na begi, nywele mbichi, akainama ili mama yake ambusu.

"Nilimsikia," akasema.

"Ukumbi wote ulipiga, mwanangu."

"Mama. Nilimsikia yeye." Alivuta zipu ya koti mpaka kidevuni. "Siji. Njoo wewe kwangu. Nina meza, nina viti viwili."

Danguolė alifungua mdomo amtetee Romas, kama alivyozoea, kisha akamwekea mwanawe kola sawa.

"Nitaleta samaki wa chumvi," akasema. "Wa dukani hawana ladha."

Romas alikuwa kwenye kituo cha basi, skafu imelegea, anapiga miguu chini kwa baridi. Walipanda, wakakaa. Basi lilipotoka mjini ndipo akauliza.

"Amesemaje?"

"Kūčios nitakuwa Vilnius."

"Wewe?"

"Mimi."

"Na mimi?"

"Bitiruti ziko ghalani. Uyoga uko kwenye kamba. Kimkate chukua kwa padri."

"Siku ile mtu hali peke yake, Danguolė. Hata jirani mbaya anaitwa."

"Mwalike Gintautas."

"Ule mluzi haukuwa wa kumzomea," Romas akasema. "Ulinitoka tu."

"Basi mpigie umwambie."

Akamnyooshea simu. Romas aliitazama, mikono yake ikiwa ndani ya mifuko, mpaka kioo cha simu kikazima. Danguolė akairudisha kwenye mkoba, akaufunga.